Kioo Kinapotoka Jasho

Gunia la ndagala lililofungwa Baraka, kando ya Ziwa Tanganyika, saa tisa alasiri, jua likiwa bado linachoma na samaki wakikatika kwa mlio ukiwakunja, laweza kufunguliwa Uvira kesho yake likiwa limelowa upande wa ndani, hasa kama limewekewa nailoni. Mvua haikunyesha. Maji ya ziwa hayakuingia botini. Mnunuzi atadai samaki walinyunyiziwa maji ili wazidi uzito, naye muuzaji ataapa kwamba walikuwa wakavu kama karatasi, na ugomvi huo hauna mwamuzi kwa sababu kila mmoja ana ushahidi mkononi: huyu ukavu alioushika jana, yule unyevu anaoushika leo. Ninachotaka kuonyesha katika sura hii ni kwamba wote wawili wanaweza kuwa wakweli, na kwamba kinachowagombanisha ni namna tulivyozoea kuutaja unyevu, yaani kwa asilimia. Ipo namna nyingine, ya zamani na nyoofu zaidi, ambayo viwanda huirudia kila mahali ambapo kukosea ni hasara kubwa. Huulizwa swali moja tu: hewa hii ikipozwa polepole, itaanza kutoa umande ikifika nyuzi ngapi? Jibu la swali hilo nitaliita joto la umande. Chombo kinacholitafuta kwa ustadi kuliko vyote ni haigromita ya kioo baridi.

Tuanze na ubovu wa asilimia. Anayenunua unga au maharage katika masoko ya Kivu Kusini analijua kopo la kupimia la Guigoz, na akiambiwa bei ya "nusu" atauliza kwanza nusu ya nini, ya kopo au ya ndoo. Asilimia ya unyevu ni "nusu" ya namna hiyo, tena yenye hila zaidi, kwa kuwa chombo chenyewe hutanuka na kunywea kufuata joto. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzi 20 haiwezi kubeba zaidi ya gramu 17 hivi za mvuke. Ikiwa na nyuzi 30 hubeba gramu 30. Ikiwa na nyuzi 40, gramu 51. Sasa chukulia hewa ya kando ya Ghuba ya Burton, jioni yenye nyuzi 27 na unyevu wa asilimia 60. Ndani yake mna kama gramu 15 na nusu za maji kwa kila mita ya ujazo. Hewa hiyohiyo ilipokuwa na nyuzi 30 mchana, kipimo kilisoma asilimia 50. Ikishuka hadi nyuzi 20 alfajiri kitasoma karibu 92. Mwenye daftari ataandika kwamba unyevu umepanda karibu maradufu tangu mchana, na wala hakuna kilichopanda. Hakuna tone lililoingia wala lililotoka. Joto la umande lilikuwa nyuzi 18.6 mchana, 18.6 jioni na 18.6 alfajiri.

Upotofu huu huwa mkubwa zaidi tukilinganisha mahali na mahali. Fizi iko juu milimani, Baraka iko chini ufukweni. Tuseme alfajiri moja Fizi ina nyuzi 15 na asilimia 95, ukungu umetanda na nguo zilizoanikwa hazikauki. Na mchana wake Baraka ina nyuzi 30 na asilimia 50, kila mtu anasema hewa ni kavu. Ukipima maji yaliyomo, hewa ya Fizi ina gramu 12 hivi, ya Baraka 15. Penye ukungu ndipo penye maji machache. Sidhani kama kuna namba nyingine katika matumizi ya kila siku inayoweza kumdanganya mtu kiasi hiki bila yenyewe kuwa na kosa lolote.

Kiswahili husema umande umeanguka, na kwa karne nyingi wataalamu wa Ulaya nao walibishana kama unaanguka kutoka juu au unapanda kutoka ardhini. Mwaka 1814 daktari William Charles Wells wa London alichapisha uchunguzi wake wa umande na kumaliza ubishi huo: umande hauanguki wala haupandi, hutokea palepale unapoonekana, kwa sababu kitu kinachotazama mbingu tupu usiku hupoteza joto lake hadi kuwa baridi kuliko hewa inayokigusa. Paa la bati la Baraka ni mfano kamili. Hewa ina nyuzi 20, lakini bati limeshuka hadi 18.6, na dakika ileile mvuke unaanza kutua juu yake. Kwa hiyo bati ni haigromita ya kweli kabisa, iliyopungukiwa kitu kimoja: linajua saa yenyewe, ila halisemi ni nyuzi ngapi. Mfaransa Charles Le Roy, daktari wa Montpellier, alikuwa amekwisha kutatua hilo mwaka 1751 kwa gilasi ya maji aliyoipoza taratibu, akitazama ni kwenye joto gani jasho linatokea nje ya gilasi. John Frederic Daniell wa Uingereza alitengeneza chombo cha kazi hiyo mwaka 1820 akitumia etha inayopoa inapovukizwa, na Henri Victor Regnault akakiboresha mwaka 1845 kwa kikombe chembamba cha fedha. Vyote vilikuwa na udhaifu mmoja, nao ni jicho la binadamu: huyu anauona ukungu mapema, yule anachelewa.

Haigromita ya leo imeliondoa jicho hilo na kuacha mengine yote kama yalivyokuwa. Kioo chake ni kidogo, hakizidi sana kifungo cha koti. Ni metali iliyong'arishwa na kupakwa dhahabu au rodi, kwa kuwa hizo haziliwi na kutu. Kama dhahabu ya machimbo ya Misisi ina kazi nyingine ya heshima zaidi ya shingo na vidole vya watu, nadhani ni hii. Chini ya kioo kuna kipande kinachotumia jambo alilolionyesha Mfaransa Jean Peltier mwaka 1834: umeme ukipita kwenye maungio ya vipitishi viwili vya aina tofauti, upande mmoja hupoa na wa pili hupata joto. Taa ndogo inakimulika kioo kimshazari, na upande wa pili kihisi cha mwanga kinapokea mwanga uliorudi. Kioo kikiwa kikavu, karibu mwanga wote unafika. Kikiendelea kupozwa, vitone vidogo kuliko chembe ya vumbi vinaanza kuota juu yake, mwanga unatawanyika, na kihisi kinapokea pungufu. Papo hapo umeme wa kupoza unapunguzwa. Kioo kinapata joto kidogo, vitone vinaanza kukauka, mwanga unarudi, umeme unaongezwa tena. Kinayumba hivyo mara kadhaa kama mizani iliyowekewa kilo moja kwa ghafla, kisha kinatulia mahali ambapo ukungu juu yake hauongezeki wala haupungui, kwa kuwa maji yanayotua ni sawa na yanayoruka. Hapo ndipo penye joto la umande. Kilichobaki ni kusoma joto la kioo chenyewe, na hiyo ni kazi ya kipimajoto cha platini kilichopachikwa nyuma yake: ukinzani wake ni omu 100 kwenye nyuzi sifuri, na kwa hewa yetu ya Baraka ungekuwa omu 107.25, yaani nyuzi 18.6. Chombo kizuri hukosea kwa sehemu ya kumi moja au mbili za nyuzi moja tu.

Tofauti yake na vipimo vingine haiko katika wingi wa desimali. Haigromita ya nywele, aliyoieleza Horace-Bénédict de Saussure mwaka 1783, hupima urefu wa nywele kisha hukisia unyevu. Vipimo vidogo vya siku hizi, vinavyouzwa kwa bei ya kuku mmoja au wawili, hupima jinsi utando mwembamba wa plastiki unavyobadilika kiumeme unapofyonza mvuke, kisha hukisia. Nywele huchoka, na utando huzeeka, hushika moshi na mafuta, ukaendelea kutoa namba kwa utulivu uleule uliokuwa nao ulipokuwa mzima. Kioo hakikisii kitu kwa niaba ya maji. Kinayaacha maji yenyewe yatokee, kisha kinaeleza yametokea kwenye joto gani.

Hoja hii inapata nguvu yake yote viwandani, kwenye hewa iliyoshindiliwa. Kompresa inayofikisha shinikizo la baa 7, kwa mwinuko wa Baraka wa karibu mita 775 juu ya bahari, inabana takriban mita nane na nusu za ujazo za hewa ziwe mita moja. Kila moja ilikuwa na gramu 15 na nusu za mvuke. Zikikutana zinakuwa zaidi ya gramu 130. Lakini mita moja ya ujazo, hata ikiwa na hewa iliyobanwa, ikipoa hadi nyuzi 30 haina nafasi ya zaidi ya gramu 30 za mvuke. Gramu 100 zinageuka maji ndani ya tangi na mabomba: ndiyo maji yanayotemwa fundi anapofungua koki ya chini ya kompresa, na ndiyo yanayoharibu rangi ya gari inayopulizwa na kutia kutu ndani ya vyombo. Kwenye mtambo mkubwa wa oksijeni wa hospitali madhara ni mabaya zaidi. Mtambo wa namna hiyo hupitisha hewa kwenye punje za zeolaiti zinazokamata naitrojeni na kuiachia oksijeni ipite. Zeolaiti inapenda maji kuliko inavyopenda naitrojeni. Mvuke ukipenya, punje zinayashika maji na kuyang'ang'ania, naitrojeni inapita bila kuguswa, na oksijeni inayomfikia mgonjwa inapungua siku hadi siku bila mlio wala harufu.

Ndiyo maana hewa ya namna hiyo hukaushwa kwanza, na kiwango cha kimataifa cha hewa iliyoshindiliwa, ISO 8573-1, hupanga ukavu kwa joto la umande: daraja la 4 ni nyuzi 3, daraja la 2 ni nyuzi 40 chini ya sifuri, daraja la 1 ni 70 chini ya sifuri. Jaribu kuyasema hayo kwa asilimia uone. Hewa inayotoa barafu kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri, ikipimwa katika chumba chenye nyuzi 25, ni asilimia 0.4. Ile ya nyuzi 60 chini ya sifuri ni kama asilimia 0.03. Kipimo cha kawaida kinachokosea kwa asilimia 2 huku au huku hakiwezi kuitofautisha ya kwanza na ya pili, wala kuitofautisha yoyote na sifuri, ingawa ya kwanza ina maji mara kumi na zaidi kuliko ya pili. Upande wa joto nao ni vivyo hivyo. Mashine nyingi huandikwa kwamba zinavumilia unyevu wa hadi asilimia 95. Kwenye joto gani? Asilimia 95 kwa nyuzi 40 ni maji mara tatu ya asilimia 95 kwa nyuzi 20. Anayenunua mashine kwa ajili ya ufuko wa Ziwa Tanganyika bila kuuliza swali hilo amenunua "nusu" bila kuuliza kopo.

Pingamizi la kwanza ni la bei, na ni la haki. Kioo baridi ni ghali mno kuliko kipimo cha utando, kinahitaji umeme usioyumba, na kinachafuka. Vumbi hutawanya mwanga kama umande unavyoutawanya. Chumvi ni mbaya zaidi, maana huyavuta maji, na kioo chenye chumvi kitatoka jasho kabla ya wakati wake na kusoma joto la juu kuliko la kweli. Hewa kavu sana hukichosha pia: kwenye nyuzi 70 chini ya sifuri mvuke ni haba kiasi kwamba inaweza kuchukua saa nyingi kabla ukungu wa barafu haujatosha kuonekana. Kisha kuna utata ambao hakuna ujanja wa kuufuta kabisa: chini ya sifuri, kinachoota juu ya kioo chaweza kuwa barafu, na chaweza kuwa maji yaliyopitiliza baridi bila kuganda, na majibu hayalingani. Barafu ikitulia kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, maji yasiyoganda yangetulia zaidi ya nyuzi mbili chini ya hapo. Vyombo vya maabara hutiwa hadubini ndogo ili mpimaji atazame mwenyewe ni kipi.

Yote hayo nayakubali, na bado nadhani yanaitetea hoja yangu. Uchafu wa kioo ni kosa linaloonekana. Chombo hukipasha kioo joto kila baada ya muda, umande wote ukauke, kisha kinalinganisha mwanga wa kioo kikavu leo na wa jana. Ukipungua, kinajua ni uchafu na kinajirekebisha au kinaomba kufutwa. Utando wa plastiki hauwezi kujikagua hivyo. Na hakuna anayependekeza kioo baridi katika kila ghala. Kazi yake ni ile ya mawe ya mizani yanayowekwa ofisini ili mawe ya sokoni yapimwe dhidi yake. Kongo ina shirika la ukaguzi tangu mwaka 1974, ambalo leo huitwa Office Congolais de Contrôle, OCC, na hakuna anayeshangaa kwamba mizani ya mfanyabiashara hukaguliwa. Vihisi vidogo vya bei nafuu vilivyomo kwenye vikaushio na mitambo ya oksijeni vinahitaji mkaguzi wa namna hiyohiyo, na katika maabara za vipimo duniani mkaguzi huyo kwa kawaida ni kioo. Kadiri vipimo vya bei nafuu vinavyozidi kuenea ndivyo haja ya kuwa na vioo vichache vya kuvihukumu inavyozidi.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo hutoka kwa watu wanaolijua jambo. Watasema: kuvu haijui joto la umande. Samaki, unga wa muhogo, pamba, karatasi, vyote huvuta au hutoa maji kufuata asilimia ya hewa inayovigusa. Katika kiwanda cha nyuzi na vitambaa, kama ilivyokuwa Filtisaf ya Kalemie, uzi wa pamba hukatika asilimia ikishuka, na msimamizi hana haja ya kujua zaidi. Ni kweli. Lakini tuulize: asilimia ya hewa inayokigusa kitu hutoka wapi? Hutoka kwenye mambo mawili, maji yaliyomo hewani na joto la kitu chenyewe. Ndagala aliyelala kwenye kichanja juani na kufika nyuzi 40 anaguswa na hewa ambayo kwake yeye ni asilimia 29, wakati kipimo kilichotundikwa kivulini hatua tatu kutoka hapo kinasema 50. Kipimo hakikukosea, ila kinaeleza kivuli chake. Ukijua joto la umande na joto la samaki, asilimia yake unaikokotoa. Ukiijua asilimia ya kivulini peke yake, huna cha kukokotoa nacho. Ndiyo maana kosa la nyuzi moja tu katika kupima joto huiharibu asilimia kwa karibu pointi sita hewa inapokaribia kushiba. Joto la umande ni mali ya hewa. Asilimia ni habari ya mkutano wa hewa na kitu fulani, na kila kitu kina mkutano wake.

Hapo ndipo gunia letu linapofunguka. Tuseme samaki wamefungwa wakiwa na nyuzi 40, na hewa iliyobaki katikati yao ina asilimia 60, kiwango ambacho kuvu haiwezi kuota na mkono unasema kikavu. Ni kweli mkono haukudanganywa. Lakini hewa hiyo, yenye joto lile, ina joto la umande la karibu nyuzi 31, mbali sana na 18.6 ya hewa ya ziwa. Boti linaondoka jioni. Ngozi ya gunia inashuka hadi nyuzi 21 wakati samaki wa katikati bado wana joto, na mvuke wao unasafiri kwenda kwenye nailoni baridi na kutua huko, kama unavyotua kwenye bati. Walio pembeni wanalowa kwa maji ya walio katikati. Hakuna aliyenyunyiza kitu. Dawa yake haihitaji kioo cha dhahabu: samaki waachwe kivulini wapoe alasiri, hewa ikiwa bado na asilimia 50 au 60, kabla jua halijazama, ndipo mdomo wa gunia ufungwe.

Na pingamizi la mwisho, kwamba wanawake wanaoanika ndagala Baraka wanayajua haya kwa mikono yao bila Regnault wala Peltier, silibishi. Mkono wao hupima samaki vizuri kuliko chombo chochote nilichokitaja. Ila mkono hauhisi hewa ya nyuzi 40 chini ya sifuri ndani ya bomba la oksijeni, na hata mchangani hausemi ya usiku ujao. Jaribio la Le Roy lasema, na vifaa vyake vinapatikana mjini: kopo la bati lililofutwa likang'aa, maji ya mtungi, vipande vya barafu kutoka kwa muuza soda na kipimajoto cha gilasi. Saa kumi alasiri barafu inatiwa kipande kimoja kimoja huku maji yakikorogwa, hadi ung'aavu wa kopo ufifie kwa ukungu; kipimajoto kikisoma 19 wakati huo, na ikiwa upepo hautaleta hewa nyingine, basi usiku kila kitakachopoa hadi nyuzi 19 kitalowa, hata mbingu isiwe na wingu: bati, nyavu zilizotandazwa, na ndagala walioachwa mchangani. Kipimajoto hichohicho, kikilazwa juu ya mchanga baada ya magharibi, kitaonyesha ni saa ngapi umefika hapo.